Kaburi la Tobia

Shambani, nje ya Kitale
Tarehe 7 Aprili 2025

Guka Ndirangu,

Nakusalimu nikiwa kwenye meza ya jikoni. Cucu amekaa karibu nami akichambua maharagwe, na kila nikimaliza mstari ananiuliza kama nimekwambia kwamba ng'ombe amezaa. Ng'ombe amezaa, Guka. Ndama ni dume, kwa hivyo Baba alimtazama, akasema "sawa," akaenda zake kwenye kisiagi chake cha mahindi kule mtaa wa Tuwan. Sisi wengine tumefurahi. Miguu ya Cucu bado inavimba jioni. Alisema wewe ndugu yake usiambiwe, ndiyo maana nakuambia.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu ya Kukhu Phelista kwa sababu tukiongea kwa simu wewe husema "eee, eee" hata mahali ambapo sijauliza kitu. Na mimi pia, nikishika simu maneno hunipotea. Kwa karatasi sote wawili tunasikia vizuri.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wetu wa historia ametupa kazi ya likizo. Niko kidato cha tatu sasa, na mambo ya Uhuru tumeyasoma: mikutano ya London, katiba, bendera iliyoshushwa na ile iliyopandishwa. Tarehe zote ninazo kichwani. Lakini mwalimu amesema hataki tarehe. Anataka kila mmoja aandike jinsi mahali anapotoka palivyoacha kuwa mali ya Mwingereza pakawa Kenya. Wenzangu walilalamika ati kwao hakukutokea kitu. Mimi nilifikiria chemchemi yetu na kaburi la Tobia.

Nilimwuliza Cucu tulivyopata shamba hili. Akasema, "Muulize ndugu yangu. Si yeye ndiye alisoma jiwe?" Halafu akarudi kwa maharagwe yake. Ninalojua ni kwamba Tobia alikuwa mtoto wa mzungu mwenye farm, kwamba alikufa akiwa mdogo, na kwamba tangu nipate akili nimemwona Cucu akifagia kaburi lake kila Jumamosi kabla ya kufagia uwanja wetu. Tafadhali niandikie yaliyobaki.

Mimi mjukuu wako ambaye anakukumbuka kuliko anavyosema,
Waithera


Kanduyi, Bungoma
Tarehe 16 Aprili 2025

Waithera binti Kimotho,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza kama guka, ya pili kama mwalimu mstaafu. Makosa ni machache na sitayataja. Mke wangu, Kukhu yako Phelista, anasema, "Mwambie Waithela aje, kuku wamezaana." Nikimrekebisha ananijibu kwamba nimekaa kwao Bungoma miaka hii yote na bado sijajua kuongea. Mjukuu wetu Wekoye amevunja jino akicheza mpira pale karibu na uwanja wa Kanduyi na anatembea akitabasamu ili watu walione. Mvua imekuja vizuri. Huyo ndama dume mpe jina langu.

Sasa, shamba. Ilikuwa mwaka wa 1966. Wazee walikuwa wamejiunga pamoja kununua farm ya mzungu aliyekuwa anahama. Ujue sisi hatukuwa wenyeji wa hapo. Baba yetu, mzee Gachanja, alikuwa kibarua kwenye farm nyingine upande wa Endebess, na wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri. Wengine nao walitoka kila mahali. Hakuna aliyemjua mzungu yule wala watu wa nyumba yake. Tulifika siku ya kugawa tukakuta nyumba tupu na uwanja wa nyasi, na nchi ya mtu mmoja ikakatwa vipande vya familia nyingi.

Kura zilikuwa karatasi zilizokunjwa ndani ya ndoo ya maziwa. Kipande kizuri kuliko vyote kilikuwa hicho chenu chenye chemchemi. Mzee Wahome ndiye alikitoa. Alipiga makofi, akaenda kukitazama, akarudi mbio. Kuna kaburi, alisema, na yeye hawezi kunywa maji yanayopita kwa maiti. Akarudisha karatasi. Aliyekitoa wa pili naye akairudisha. Wazee wetu hawakuwa watu wa makaburi. Zamani mtu akifia ndani, nyumba yenyewe ilihamwa.

Basi wakasema lazima ijulikane ni maiti ya nani. Jiwe lilikuwa la Kiingereza. Mimi nilikuwa darasa la tano, na kwa Kiingereza changu nilikuwa karibu gavana. Nikasukumwa mbele nikiwa na viatu vya kuazima, nikasoma kwa sauti: Toby, 1949 hadi 1958, rafiki mwaminifu, pengo lake halizibiki. "Huyo Toby ni nani?" wakauliza. Nikatoa miaka kwa miaka, nikasema ni mtoto wa miaka tisa. Baba yetu ndiye alisema, "Mtoto wa miaka tisa atanifanya nini? Nina watoto nyumba nzima, na hakuna hata mmoja ninayemwogopa." Akampa Wahome kipande chake cha mawe, akachukua chemchemi na marehemu wake.

Mama yetu akamwita Tobia, jina la Biblia, ili asiwe mgeni. Baadaye mimi nilipata kazi ya ualimu huku, nikamwoa Phelista. Ndoa ilipomshinda dada yangu Kabura, Cucu yako, akarudi nyumbani na watoto, nilimwambia baba shamba limbakie yeye. Yeye ndiye alikuwa anafagia kaburi.

Andika hayo, na usiyapambe.

Guka wako aliyewahi kuwa karibu gavana,
Ndirangu


Shambani, Kitale
Tarehe 24 Aprili 2025

Guka mpendwa,

Insha nimemaliza na nimekuweka ndani pamoja na viatu. Ndama Ndirangu jana alikula soksi ya Baba. Baba alimfokea kwa jina, na Cucu akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimeandika hayo ya kuchekesha kwanza kwa sababu yaliyobaki ni mazito.

Cucu alipelekwa kliniki wiki iliyopita. Daktari amesema ni moyo umechoka, na kabla mwaka haujaisha itabidi apasuliwe. Aliporudi alimwita Baba akamwambia, "Kimotho, nikienda, mnilaze kwa Tobia." Baba akasema, "Mami, si tukuweke kule juu na wazazi wako?" Cucu akasema, "Baba yangu ako na mama yangu. Huyu hana mtu. Mama yake alipanda ndege akamwacha. Sisi tulipata nchi, yeye akaacha mtoto." Wamekubaliana kwamba mwezi wa nane fundi Wanjala atakuja kujenga ukuta mfupi wa mawe, wenye nafasi ya watu wawili, na Mama Mukami, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, atawaleta wenzake waombee mahali hapo.

Juzi Cucu alinituma nipande maua kando ya jiwe. Unajua limezama sana upande wa chini. Nikachimba, nikaona kuna mstari mwingine chini ya ile uliyosoma, umefunikwa na udongo. Nikauosha kwa mswaki wa zamani. Herufi ni ndogo lakini zimetulia kama zimeandikwa jana. Zinasema hapajapata kuwa na mbwa bora kuliko huyu.

Nilisoma tena na tena. Nilikuwa natafuta njia ya neno mbwa kuwa na maana nyingine. Ni mbwa, Guka. Tobia ni mbwa.

Sikulaumu. Hata mimi ningesema ni mtoto. Nani kwetu angefikiri mtu anaweza kumchongea mbwa jiwe na kuandika kwamba pengo lake halizibiki? Lakini watu wakitaka kumtukana mtu mpaka mwisho husema atazikwa kama mbwa, na Cucu anajenga ukuta ili alale na mmoja, na kanisa lote litaimba.

Nimerudisha udongo. Sijamwambia mtu yeyote. Mimi hata swali ninalolijua huwa sinyooshi mkono darasani. Nimwambie, au nisimwambie? Ninafungua shule Jumatatu, kwa hivyo niandikie huko.

Wako mwenye udongo kwenye kucha,
Waithera


Kanduyi
Tarehe 19 Mei 2025

Mpendwa Waithera,

Natumaini shule imekupokea vizuri na chakula si kibaya kuliko muhula uliopita. Sisi hatujambo. Wekoye amepata jino la bandia, na sasa hatabasamu tena kwa sababu hakuna cha kuonyesha. Maharagwe yangu yameanza kuweka maua, lakini kuna funza anayeingia kwenye shina karibu na udongo. Dawa yake ni kuinulia mmea udongo mapema, kabla haujageuka manjano, na kutorudia maharagwe mahali pale pale misimu miwili. Ukiona mmea umelegea mchana na kunyooka asubuhi, usidanganyike, huyo yuko ndani. Jivu pia husaidia kiasi, la kuni, si la makaa. Phelista hutumia la mabunzi ya mahindi na hatukubaliani.

Kuhusu jiwe, maandishi ya zamani huchakaa na mtu akayasoma vibaya. Udongo uache ulivyo. Cucu yako amepatunza mahali hapo tangu akiwa msichana, na mtu mgonjwa hahitaji habari mpya.

Soma vitabu vyako. Nimekuwekea mbegu kwenye bahasha.

Guka


Shambani, Kitale
Tarehe 29 Juni 2025

Guka mpendwa,

Tuko nyumbani kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Mbegu tulipanda kwenye bustani ya shule na zimeota. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa, na nilitamani kuingia chini ya dawati, lakini baadaye msichana mmoja ambaye hatujawahi kuongea aliniuliza kama bado tuna ile chemchemi. Nikasema tunayo. Hayo ndiyo mazungumzo marefu niliyofanya muhula huu.

Nilisoma barua yako ya maharagwe. Sasa najua jinsi ya kuzuia funza. Swali langu hukulijibu. Maandishi hayajachakaa, Guka. Udongo umeyahifadhi. Na wewe ulifundisha Kiingereza mpaka ukastaafu. Ninakuuliza kwa heshima zote. Ulijua?

Kuna lingine. Jana nilikuwa nachuma sukuma wiki nyuma ya ua, na Cucu alikuwa upande wa pili akifagia kwa Tobia. Hakujua nipo. Nilimsikia akisema, "Mungu, huyu wao nimemfagilia. Na wewe utafute mtu wa kumfagilia Wachira wetu." Hakulia wala kupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemkumbusha jirani ahadi. Kisha akaokota majani.

Wachira ni nani? Nilimwuliza Baba. Akasema hajui Wachira yeyote ila yule wa kuuza matairi.

Wanjala anakuja Jumatatu ya tarehe kumi na nane Agosti. Amesoma, na si mtu wa kunyamaza. Akichimba msingi mstari ule utaonekana mbele ya kina mama wote. Kwa hivyo Cucu atajua. Kilichobaki ni atajua kwa nani.

Anayengoja barua yako hata kama ni fupi,
Waithera


Kanduyi
Tarehe 9 Agosti 2025

Waithera wangu,

Barua hii niliianza mwezi wa saba. Nimekuwa nikiandika salamu na kuishia hapo. Jana Kukhu yako alichukua kalamu mezani akaniwekea mkononi, akanisemea sikioni, "Ndilangu, mtoto amekuuliza. Mjibu, ama umwambie hutaki. Usimwandikie maharagwe."

Wachira alikuwa ndugu yetu, aliyenifuata mimi. Tulikuwa kambini kwenye ile farm ya Endebess, mwaka wa 1959, Hali ya Hatari ikielekea mwisho. Surua iliingia kambini. Hospitali ilikuwa Kitale mjini, na Mkikuyu kutoka nje ya farm alihitaji karatasi ya bwana, na bwana alikuwa safarini. Wachira alikufa alfajiri. Baba alitakiwa kwenye kukamua maziwa, kwa hivyo tulimzika haraka, nyuma ya kambi, ukingoni mwa mahindi. Tulienda wawili tu, yeye na mimi. Nilibeba jembe. Kabura alikuwa mkubwa kuliko mimi na alitaka kuja, lakini aliachwa amshike Mama. Hatukuweka jiwe, hata la mtoni. Mvua zilizofuata trekta iliongeza shamba mpaka kwenye vibanda, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama tuna mtu pale.

Ndiyo, nilijua. Nikiwa chuo cha ualimu nilisoma kwamba wazungu huwazika mbwa wao kwa mawe ya majina. Nikarudi likizo moja kwa moja mpaka kwenye lile jiwe. Mstari wa chini, ambao siku ya kura ulifichwa na nyasi, ulikuwa umeanza kumezwa na udongo, lakini unasomeka. Kabura alikuwa hapo na ufagio. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Nimeahidiana na Mungu. Mimi natunza mtoto wao. Mahali fulani kuna mtu anatunza wetu." Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema anafagia vizuri.

Sikumkasirikia mbwa, maana mbwa ni mbwa. Nilihesabu tu ile miaka. Mwaka mmoja mbwa akapata jiwe, mwaka uliofuata ndugu yangu akapata trekta. Nilifundisha historia pia, unajua. Bendera, katiba, yote uliyosoma wewe. Hilo sikuwahi kujua liingie sura gani. Umeshawahi kujiuliza kwa nini nikija Kitale huwa silali? Sasa usiulize tena.

Nikimwambia Kabura, nitakuwa nimemwambia kwamba hakuna aliyemtunza Wachira. Umeniomba ushauri, na nimekaa na ombi lako miezi. Sina. Wewe uko karibu naye kuliko mimi. Ukisema, sema ukiwa umeketi.

Ndirangu


Shambani, Kitale
Tarehe 23 Agosti 2025

Guka mpendwa,

Sisi hatujambo, lakini nyumba imekuwa kimya.

Nilimwambia Jumapili, siku moja kabla ya Wanjala kufika, baada ya kanisa. Alikuwa ameketi kitandani anavua viatu. Niliketi chini, karibu na miguu yake.

"Cucu, Tobia si mtoto."

"Alikuwa nani, mama?"

"Alikuwa mbwa."

Akavua kiatu cha pili, akaviweka pamoja. "Mbwa?"

"Imeandikwa kwa jiwe, chini, mahali palipofunikwa."

"Wa rangi gani?"

"Haijaandikwa."

"Miaka tisa," akasema. "Huyo alikuwa mbwa mzee. Alikula vizuri." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumfariji, nimeyaandika hata kwenye karatasi, na hakuna hata moja lililokuja. Ndipo akauliza, "Ndirangu alijua?"

Sikujibu. Mimi ni mtu wa kunyamaza, wewe unajua, na watu huwa hawaoni tofauti. Yeye aliona. Akasema, "Alijua," akalala na kugeukia ukuta.

Kesho yake Wanjala alifika na timazi na kamba. Cucu akamtuma akajenge banda la kuku lililoanguka. Wanjala akasema, "Mama, mimi niliitwa kaburi. Sasa imekuwa kuku?" Cucu akamwambia, "Kuku ako hai." Mama Mukami naye aliambiwa maombi yameahirishwa. Baba nilimweleza mwenyewe, na alikaa kwenye kisiagi mpaka giza.

Leo ni Jumamosi na Cucu hakufagia. Majani ya mkaratusi yamelifunika jiwe. Nilichukua ufagio nikafagie mimi, akaniambia niuweke chini. Chai anakunywa, chakula anagusa tu. Nilidhani nimemuua, Guka. Nilimwambia hivyo, nikalia. Akanivuta, akasema, "Umenivunjia kitu changu. Lakini umekuja kuniambia, hukungoja niaibishwe mbele ya watu. Sasa nyamaza uchukue kalamu."

Haya ni maneno yake mwenyewe, nimeyaandika anavyoyasema:

"Mwambie Ndirangu sina hasira ya mbwa. Hasira yangu ni kwamba siku ile yeye alienda na Baba, mimi nikaachwa. Tangu siku hiyo sijui Wachira ako wapi. Yeye anajua. Nimeona amenificha mbwa miaka hii yote, na mahali pa ndugu yangu pia amenificha. Aje anionyeshe kabla hawajanipasua. Mwambie asilete barua. Alete miguu."

Daktari amesema mwisho wa mwezi wa kumi. Mimi ninarudi shule Jumatatu, sitakuwepo. Guka, tafadhali njoo.

Waithera


Shambani kwenu, Kitale
Tarehe 21 Oktoba 2025

Waithera mjukuu wangu,

Ona nilipoandikia. Ningengoja Ijumaa ufunge shule nikwambie kwa mdomo, lakini nikianza kusimulia Cucu yako atakuwa ananisahihisha kila sentensi. Barua haisahihishiki. Baba yako atakuletea kesho akija kulipa nauli ya basi la shule.

Nilikuja Jumamosi na Kukhu yako, aliyeleta kuku watatu, na Wanjala akasema banda limepata wenyewe. Kabura alikuwa mlangoni. Hatukusalimiana vizuri. Aliniangalia miguu, akasema, "Imezeeka," nikamwambia yake pia. Akanipa kiti.

Asubuhi ya jana, siku ya Mashujaa, baba yako alituchukua kwa pikap ya kisiagi mpaka Endebess. Ile farm iligawanywa zamani. Mahali pa kambi pana mtu anaitwa Kemboi, ambaye baba yake alipewa hapo wakati wa kugawa. Tulimkuta uwanjani, redio inatoa hotuba. Baba yako alimweleza kwamba tuna mtu amezikwa kwake. Nikaona uso wa Kemboi unabadilika. Mimi sikusikia neno, lakini uso ule naujua. Katika nchi yetu mtu akija kukwambia kaburi la ndugu yake liko kwa shamba lako, huwa hajaja kwa kaburi. Akauliza, "Mmekuja na wakili?"

Kabura akamwambia, "Nimekuja na ndugu yangu. Yeye hasikii, na mimi siwezi kutembea. Tutakunyang'anya shamba namna gani?"

Kemboi alifikiri. Kisha akacheka, akazima redio, akatuletea fimbo mbili.

Sasa nikwambie ukweli, kwa sababu wewe ulinifundisha. Nilikuwa nimejigamba moyoni kwamba napajua. Nilikuwa napaona kila nikifumba macho: vibanda, birika la ng'ombe, ukingo wa mahindi, udongo mwekundu. Tulipofika hapakuwa na chochote. Mahindi yaliyokauka kutoka barabarani mpaka mtoni, yanangoja kukatwa, hayana ukingo. Nilizunguka upande huu, nikazunguka upande ule. Nilihisi kambi ilikuwa chini, karibu na mto, lakini hata hilo singeapa. Kabura alikuwa ananitazama. Alinitazama kama siku ile, nilipotoka mlangoni na jembe.

Akaacha kuningoja. Akaingia kwenye mahindi peke yake na fimbo ya Kemboi, sisi tukimfuata, mabua yakitupiga usoni. Hakwenda upande wa mto. Alitembea mpaka pumzi ikamwishia, akasimama, akagonga chini.

"Ni hapa."

"Kabura," nikasema, "kambi ilikuwa kule chini."

"Ni hapa."

Kemboi akanigeukia mimi kwa sababu ndimi shahidi, akasema kitu. Baba yako akanirudia sikioni: anauliza, mzee, ni hapo?

Nilimwambia ndiyo, ni hapo.

Kemboi aling'oa mabua kuzunguka pale aliposimama dada yangu, yeye na baba yako, mpaka pakawa na nafasi ya kitanda cha mtoto. Akasema hapo hatalima, na mwenye trekta ataambiwa. Hakuna karatasi, ni neno lake tu. Kabura akaketi chini kwenye udongo na nguo yake ya kanisa.

Kwenye pikap alitoa maagizo, na baba yako ameyakubali. Yeye azikwe kule juu na wazazi, bila ukuta. Anapasuliwa Jumanne ijayo na hana wasiwasi, anasema wasiwasi ni wangu. Leo alfajiri nilisikia kwa miguu, mtikisiko wa sakafu, kwamba ameamka. Nikatoka nikamkuta kwa Tobia anafagia. Nikamwuliza, bado? Akasema, "Mbwa naye hakuchukua shamba la mtu."

Lakini nimeruka jambo moja la jana, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Tukiwa bado pale kwenye mahindi, akiwa chini, Kabura alinivuta mkono. Alisema tangu Wachira afe amelitaja jina lake kwa kunong'ona tu, kwa sababu kambini Mama alikatazwa kulia karibu na njia ya bwana, na baadaye ikawa mazoea. Akasema, "Wewe ulikuwa mwalimu. Una sauti. Mwite."

Nikamwita ndugu yangu kwa jina. Baba yako anasema nilipiga kelele hadi ng'ombe wa Kemboi wakageuka, na watu kule barabarani wakasimama kutafuta huyo Wachira ni nani, anaitwa namna hiyo.

Guka wako,
Ndirangu